Ajira za maghala Likoni: tutajuaje kama ni ubaguzi au ni sababu nyingine?

Kijana_Mtongwe

Asalaam aleikum wanajukwaa. Kikundi chetu cha vijana huku Likoni, ng'ambo ya feri kutoka kisiwa cha Mombasa, kinaandaa waraka wa maoni wa kupeleka kwa bunge la kaunti kuhusu ajira katika maghala na kampuni za uchukuzi za upande huu wa feri. Malalamiko ni yaleyale: nafasi za kudumu zinajazwa na watu wa kwingine, wenyeji wanabaki na vibarua vya siku mbili tatu.

Kila tukikaa kuandika, kikao kinagawanyika. Wengine wanasema huu ni ubaguzi mtupu, tuandike hivyo tumalize. Wengine wanasema vijana wetu hawana vyeti. Na hapakosi wa kurudia ule usemi kwamba watu wa Pwani ni wavivu.

Hatutaki waraka wa kelele, maana kamati itauliza ushahidi uko wapi. Sosholojia inatenganishaje mambo haya? Na kikundi kisicho na pesa kikusanye nini hasa? Nadharia kidogo yatosha, tupeni vitendo.

Mwalimu_Jamii

Wa aleikum salaam. Tenganisheni kwanza mambo mawili ambayo kikao chenu kinayachanganya. Ukosefu wa usawa ni matokeo: kundi hili lina kazi, ardhi na mishahara zaidi kuliko lile. Ubaguzi ni njia mojawapo ya kufikia matokeo hayo, na una sura mbili. Ya kwanza ni watu wenye sifa sawa kutendewa tofauti kwa sababu ya asili yao. Ya pili ni kanuni moja kuwahusu wote, lakini ikawaumiza zaidi wa kundi fulani bila kuwa na uhusiano wowote na kazi yenyewe. Hii ya pili haihitaji mtu mwenye chuki. Inaweza kuendeshwa na karani mpole anayefuata fomu aliyopewa.

Kwa hiyo ile hesabu ya "kati ya walioajiriwa, wenyeji ni wangapi" haithibitishi ubaguzi ikisimama peke yake. Ivunjeni safari ya ajira hatua kwa hatua: nani alipata habari ya nafasi, nani aliomba, nani aliingia orodha fupi, nani alifaulu mahojiano, nani yuko kazini bado baada ya miezi 6, nani alipandishwa cheo. Kisha mtafute uwiano wa kila hatua kwa kila kundi.

Mfano wa kubuni. Tuseme waombaji wote wana cheti kimoja. Wa Likoni ni 150, wa kwingine ni 100. Orodha fupi inachukua 30 wa Likoni na 40 wa kwingine. Baada ya mahojiano wanaajiriwa 15 na 20. Ukitazama mwisho tu, utasema asilimia 10 dhidi ya 20, na kelele zitaanza. Ukitazama hatua, utaona mahojiano hayana tatizo: kila upande nusu wamepita. Pengo lote liko kwenye orodha fupi, asilimia 20 dhidi ya 40. Sasa mna swali dogo linalojibika: anayechambua barua za maombi anatumia kigezo gani? Mara nyingi jibu liko kwenye mstari mmoja wa fomu, "makazi ya sasa", kwa sababu mwajiri anaogopa foleni ya feri asubuhi. Hofu hiyo ina msingi wake, lakini mwombaji anayeishi Likoni akiomba ghala lililo Likoni, feri inaingiaje hapo?

Kuna kipimo cha haraka cha kuamua kama pengo linastahili kuchunguzwa. Marekani, tangu mwongozo wa serikali wa 1978, uwiano wa kundi lililo chini ukipungua asilimia 80 ya uwiano wa kundi lililo juu, mwajiri huanza kuulizwa maswali. Hapa ni 20 kugawa kwa 40, yaani asilimia 50. Si sheria ya Kenya na si hukumu. Kinawaonyesha mahali pa kuchimba tu.

Msiruke hatua ya habari. Nafasi za ghala kwa kawaida hazibandikwi popote. Msimamizi anaambiwa "tafuta vijana watano", anapiga simu, na simu inaenda kwa binamu, kwa jirani, kwa mtu wa kanisa lake au msikiti wake. Watano wakiingia, wao ndio watakaoulizwa nafasi nyingine ikitokea. Mwanasosholojia Charles Tilly aliita hali hii kuhodhi fursa: kundi likishashika lango, linajizalisha lenyewe, hata kama kila mmoja ndani yake ni mtu mwema anayesaidia ndugu. Ndiyo maana kubadilisha meneja mmoja hakusaidii kitu ikiwa njia ya kutangaza nafasi ni ileile.

Mzalendo_Nyali

Mwalimu, kwa heshima zote, hapa mnatafuta kisingizio cha kitaalamu. Mwajiri anataka mtu mwenye cheti cha kuendesha folklifti na anayefika kazini Jumatatu hadi Jumamosi. Asiyenacho aende akasome. Mbona wapo Wapwani waliotoka mitaa hiyohiyo wakafaulu?

Mwalimu_Jamii

Ndugu Mzalendo, hoja ya cheti ni halali na ndiyo sababu mfano wangu ulianza na watu wenye cheti kimoja. Ikiwa wenye cheti kilekile wanapata nafasi sawa, basi mwajiri hana kosa na tuhamie kwenye swali la kwa nini cheti hakipatikani. Ikiwa hawapati sawa, cheti si jibu.

Waliofaulu wapo, na hakuna anayewakana. Lakini sosholojia haisemi kwamba mtu wa mtaa fulani hawezi kufaulu. Inauliza uwezekano ni kiasi gani, na gharama ni ipi. Katika watu 100 wa kila upande waliofanya juhudi ileile, wakipita 60 upande mmoja na 15 upande wa pili, wale 15 hawathibitishi kwamba njia ni sawa.

Kuhusu uvivu, tazama kwanza mkataba. Mtu wa kibarua cha siku halipwi akiugua, hana hakika ya kesho, na akipata kazi bora ya siku moja mahali pengine ataiendea. Kutofika kwake Jumatano ni hesabu ya mtu anayelipwa kwa siku. Bandari ya Kilindini ilikuwa na mjadala huuhuu zamani za mkoloni: mabwana wa bandari walilalamika kwamba vibarua hawataki kazi za kila siku, na lawama hiyo iliwaangukia wafanyakazi wa kutoka bara sawa na wa Pwani. Baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947, ambao Chege Kibachia alitoka nao akiwa kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi Waafrika, serikali ikaanza kuelekea kwenye usajili na kazi za kudumu, na mwenendo wa kazi ukabadilika pamoja na mkataba. Mwajiri wa leo anayewapa wenyeji vibarua pekee, kisha akasoma daftari la mahudhurio na kusema "unaona, hawadumu", anasoma matokeo ya uamuzi wake mwenyewe.

Binti_Kongowea

Naomba niongeze ardhi, kwa sababu waraka wa ajira ukiiacha nje utakuwa umekata mti juu ya mizizi.

Ukanda wa maili 10 wa Mwambao ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na kuanzia 1895 Waingereza wakausimamia kwa makubaliano naye. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hatimiliki: kila anayedai ardhi apeleke dai lake lisajiliwe, na isiyodaiwa ihesabike ya serikali. Kwa maandishi, kanuni ni moja kwa wote. Kwa vitendo, ilimfaa mwenye hati, mwenye kujua ofisi, na anayedai kama mtu mmoja. Jamii za Wamijikenda zilizotumia ardhi kwa pamoja, kwa ukoo na kwa kaya, hazikuwa na namna ya kuingia kwenye daftari hilo. Hiyo ndiyo sura ya pili ya ubaguzi aliyoeleza Mwalimu.

Athari zake bado ziko mitaani. Mombasa ina mtindo wa nyumba bila ardhi: umejenga wewe, kiwanja cha mwingine, unalipa kodi ya kiwanja. Nyumba hiyo inakusitiri, lakini benki haiikubali kuwa rehani kama inavyokubali hatimiliki. Kijana akikamatwa, familia haina hati ya kuweka mahakamani kama dhamana. Akipata nafasi ya chuo, hakuna cha kuwekea mkopo. Hayo matatu, ukiyaweka katika ukoo mmoja kwa vizazi vitatu, yanakupa mwombaji asiye na cheti. Halafu tunamuuliza kwa nini hakusoma.

Mtaa usio na hati pia ndio unaobebeshwa uchafu. Owino Uhuru, kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, watu walipata sumu ya madini ya risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu. Sijui kiwanda cha aina hiyo ambacho kingekubaliwa uani kwa watu wa Nyali, mtaa wa wenye nazo.

Tahadhari moja tu, Kijana. Msiandike kana kwamba kila kundi ni kitu kimoja. Ziko familia za Waswahili na Waarabu Mji wa Kale zinazopangisha chumba kimoja, na wako watu wa bara kwenye mitaa ya mabanda ya Bangladesh na Moroto wasio na maji. Tabaka na asili hukutana, lakini havilingani. Mkigawa jedwali kwa "mwenyeji" na "mgeni" peke yake, mtaficha nusu ya habari na mtawachokoza majirani zenu bure.

Takwimu_Tudor

Niingie kwenye ukusanyaji.

Rekodi kwanza, hojaji baadaye. Kwa taasisi za umma, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba rekodi kwa maandishi, na afisa anatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Asipojibu au akikataa, mnaomba marudio kwa Tume ya Haki ya Utawala. Msiombe "taarifa za ajira", mtapewa brosha. Ombeni idadi ya waombaji, walioorodheshwa na walioajiriwa, kwa kila aina ya kazi, kwa miaka 3, bila majina. Kampuni binafsi inaguswa na sheria hiyo kwa kiasi tu, kwa mfano inapotumia fedha za umma, kwa hiyo huko mtategemea hiari yao na hojaji zenu.

Pia Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja ya kikabila. Hapo hesabu ya jumla peke yake inatosha kuhoji.

Hojaji. Likoni ina wadi 5: Mtongwe, Shika Adabu, Bofu, Likoni na Timbwani. Chukueni nyumba 60 kila wadi, jumla 300. Msichague kwa macho. Anzeni kwenye nukta iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha kila nyumba ya 8. Ndani ya nyumba, katika wenye miaka 18 hadi 35, mhojiwa ni yule ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu kufika, si yule aliyekaa kibarazani. Mkienda mchana siku za kazi mtakuta wasio na kazi watupu na matokeo yenu yatakuwa uongo. Nendeni baada ya magharibi na Jumapili. Kwa watu 300, ukingo wa makosa ya sampuli ni karibu asilimia 6 juu au chini, na zaidi kidogo kwa sababu nyumba za mtaa mmoja hufanana. Pengo la asilimia 4 msilitangaze.

Maswali. Usimuulize mtu "umewahi kubaguliwa?" Mwenye hasira atasema ndiyo, mwenye haya atasema la, na aliyekatwa kwenye orodha fupi hajui hata kama alibaguliwa. Uliza matukio: mara ya mwisho kuomba kazi ilikuwa lini, nafasi uliisikia kwa nani, ulipeleka karatasi gani, ulijibiwa baada ya siku ngapi, uliambiwa nini. Lile swali la "uliisikia kwa nani" ndilo litakalowapa dhahabu.

Kabila, dini na afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Pateni idhini, msiandike jina wala nambari ya simu kwenye karatasi yenye taarifa hizo, na kisanduku chochote cha jedwali chenye watu chini ya 10 msikichapishe.

Mtashawishiwa kufanya jaribio la barua za maombi pacha, zinazofanana kila kitu isipokuwa jina au makazi. Ni ushahidi mzito sana. Mwanasosholojia Devah Pager alifanya la aina hiyo Milwaukee, Marekani, akachapisha 2003: vijana waliofunzwa walienda wenyewe kuomba kazi za kawaida. Mzungu asiye na rekodi ya jela aliitwa kwa asilimia 34, Mzungu mwenye rekodi 17, Mweusi asiye na rekodi 14, Mweusi mwenye rekodi 5. Yaani Mweusi safi aliitwa kidogo kuliko Mzungu aliyetoka jela. Lakini kwenu sishauri. Kwanza vyeti vya kughushi ni jinai. Pili, idadi. Ili kuona tofauti ya asilimia 20 na 12 bila kubahatisha mnahitaji barua zipatazo 330 kila upande. Likoni haina waajiri hao.

Kijana_Mtongwe

Shukran sana. Mambo mawili yananikwama. Moja, wako vijana ambao hawaombi kabisa kwa sababu kitambulisho hakijatoka, hasa wenzetu wa asili ya Pemba na wenye majina ya Kiarabu wanaoitwa kuhojiwa zaidi. Hao hawamo kwenye rekodi yoyote ya mwajiri. Pili, dada zetu wanasema hesabu zote hizi zinawapita.

Takwimu_Tudor

La kitambulisho ni zito. Rekodi za mwajiri zinaanzia kwa aliyeomba, kwa hiyo aliyezuiwa kabla ya hapo hahesabiki, na mwajiri anaonekana msafi. Wapemba wametambuliwa kama jamii ya Kenya 2023, Wamakonde wa Kwale waliwatangulia. Waliokaa miongo bila karatasi hawawezi kuwa na historia ya kazi leo. Kwenye hojaji ongezeni: uliomba kitambulisho lini, kilitoka lini, uliitwa mara ngapi, uliombwa karatasi gani ambazo jirani yako hakuombwa. Tarehe mbili hizo zinawapa idadi ya siku, na siku mnaweza kuzilinganisha kundi kwa kundi. Hakuna haja ya neno "ubaguzi" kwenye swali.

Mwalimu_Jamii

Dada zenu wana haki. Ipo kesi ya Marekani ya 1976 dhidi ya General Motors. Wanawake Weusi walishtaki, mahakama ikatazama: kampuni inaajiri wanawake, inaajiri Weusi, basi hakuna kosa. Lakini wanawake wale walikuwa Wazungu wa ofisini, na Weusi wale walikuwa wanaume wa kiwandani. Mwanamke Mweusi hakuwa popote. Msomi wa sheria Kimberlé Crenshaw ndiye aliyeichambua mwaka 1989 na kuonyesha kwamba kuhesabu kwa mhimili mmoja kunamfuta aliye kwenye makutano. Kwa hiyo jedwali lenu liwe na kisanduku chake cha "mwanamke wa Likoni mwenye cheti". Ulizeni pia zamu: ghala likitaka watu wa usiku, mwanamke anarudi kwa usafiri gani? Kanuni ya zamu ni ileile kwa wote, mzigo si uleule.

Na mtego ambao hata wasomi huingia. Mkisema "tumelinganisha wenye cheo sawa na mshahara ni sawa, basi hakuna ubaguzi", huenda ubaguzi ulitokea kwenye kugawa vyeo. Mtakuwa mmelificha jambo kwa kifaa kilekile cha kulitafutia. Toeni matokeo mara mbili, kabla na baada ya kulinganisha vyeo, msomaji aone pengo limepungua wapi. Kinyume chake pia hutokea: Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973 wanaume walikubaliwa kwa asilimia 44 na wanawake 35, lakini kwa kila idara pengo likakaribia kutoweka, kwa kuwa wanawake wengi waliomba idara ngumu kuingia. Ndiyo maana Tudor amesema "kwa kila aina ya kazi".

Binti_Kongowea

Moja la kisheria kabla hamjaandika. Katiba, ibara ya 27, inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, kwa msingi wowote, na inataja asili ya kikabila au kijamii, dini, mavazi na kuzaliwa. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlinda hata anayeomba kazi, na madai yakifikishwa ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Lakini makazi hayamo kwenye orodha ya kifungu hicho. Mkisema "tumekataliwa kwa kuwa ni wa Likoni" bila zaidi, wakili wa kampuni atawapangusa. Onyesheni kwamba makazi yanasimama badala ya asili: ni asilimia ngapi ya waliokatwa kwa mstari ule wa fomu ni wa jamii moja, ukilinganisha na waliopita.

Kijana_Mtongwe

Hilo la makazi hatukulijua kabisa, Mungu awabariki. Barua ya kuomba rekodi tutaituma kwanza. Hojaji tutaijaribu kwa nyumba 20 za Mtongwe kabla ya kwenda wadi zote.

Takwimu_Tudor

Vyema. Katika hizo 20, andikeni pia nyumba mlizokuta zimefungwa na mrudi mara mbili kwa nyakati tofauti kabla ya kuzivuka. Na wahoji wasihoji mtaa wao, watu hawamwambii mtoto wa jirani mshahara wao.